Vitabu vya uongozi ndani ya karakana ya korosho: kipi cha kuchukua, kipi cha kuacha

Vitabu vingi vya uongozi wa biashara vimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye ofisi, katibu muhtasi na ghorofa. Mimi nasimamia karakana ya kubangua korosho hapa Mtwara mjini. Wabanguaji na wamenyaji wangu hawafiki 20 hata msimu ukikolea, na ofisi yangu ni kiti cha plastiki kando ya mizani. Lakini vitabu hivyo navisoma. Vingine ananitumia kwenye simu mtoto wa dada yangu anayesoma Dar es Salaam, vingine ni vya karatasi, vya mitumba, vina majina ya wenyewe ukurasa wa kwanza. Kiingereza chake nakienda polepole.

Vile vizuri, hata vikipishana maneno, vinagombana na tabia moja ya sisi wasimamizi: kazi ikiharibika, tunatafuta mtu wa kumfokea. Vinasema ikague kwanza kazi yenyewe ilivyopangwa. Nitaeleza namna ya kulifanya hilo mahali penye watu 10 au 20, ambapo nusu yao ni ndugu zako na nusu ni majirani.

Kwanza, usomaji wenyewe

Usisome vitabu vitano kwa mpigo. Chukua kimoja, weka daftari la kaunta pembeni, na kila sura ukiimaliza jiulize: hili nikitaka kulifanya Jumatatu asubuhi, nani atasimama wapi na atashika nini? Sura isiyo na jibu iruke. Utaruka kurasa nyingi, hasa zile za maono na dhamira. Sijawahi kuona beseni la korosho likimenywa na dhamira. Ukipata jambo moja la kushikika, lijaribu mwezi mzima kabla hujafungua kitabu kingine, maana hakuna kinachowachosha wafanyakazi kama bosi aliyesoma jana usiku.

Tafuta mabeseni yanarundikana wapi

Mwaka 1984 mwanafizikia wa Israeli, Eliyahu Goldratt, alitoa The Goal, kitabu cha biashara kilichoandikwa kama hadithi. Meneja ana kiwanda kinachokaribia kufungwa, na anagundua kwamba kiwanda kizima hakiwezi kuipita kasi ya hatua yake iliyo nzito kuliko zote. Ukiharakisha hatua nyingine, unaongeza mrundikano tu. Nikipewa nafasi ya kuchagua kitabu kimoja kwa msimamizi wa karakana, nachagua hicho. Kina maneno mengi ya ndoa ya huyo meneja, hayo utayapita.

Kwetu safari ya korosho iko hivi. Korosho ghafi inapangwa kwa ukubwa, inachemshwa kwa mvuke, inapoa, inabanguliwa, inaingia tanuri kukauka, inamenywa lile ganda jembamba la ndani, inapangwa madaraja, kisha inafungashwa. Mgeni akiingia macho yote yanakwenda kwa wabanguaji kwa sababu ndiko kwenye kelele. Mwenye mtaji naye, akitaka kilo ziongezeke, wazo lake la kwanza ni kununua mashine nyingine ya kubangulia.

Kabla hajatoa hela, fanya hivi. Kwa wiki moja, saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, pita uhesabu mabeseni yanayosubiri mbele ya kila hatua. Usimsemeshe mtu, andika tu. Ijumaa utaona mwenyewe ni wapi kazi inalala. Kwetu ilikuwa inalala kwa wamenyaji, na sidhani kama karakana nyingi ndogo za huku ziko tofauti, kwa kuwa kumenya ni kazi ya vidole na kisu kidogo, haina mkato.

Na mrundikano wa hapo una gharama ambayo Goldratt hakuijua. Korosho iliyotoka tanuri ikilala bila kumenywa inavuta unyevu, na hewa yetu ya bahari haina huruma. Asubuhi ganda limeshika upya, mmenyaji analazimisha kisu, korosho inapasuka. Yaani yale mabeseni ya ziada aliyojivunia mbanguaji jana ndiyo vipande vya leo.

Ukishaijua hatua nzito, hatua nyingine zote ziitumikie. Wamenyaji hawatumwi maji wala kuni. Wanakaa penye mwanga, hata kama ni pale ulipopapenda wewe kwa upepo. Beseni tupu linaletwa na linaloisha linaondolewa na kijana, mmenyaji hanyanyuki. Tanuri linatoa mafungu madogo madogo, kiasi kinachoweza kumenywa siku hiyo hiyo. Mchana ukisogea, wabanguaji wawili wenye mikono myepesi wanahamia kumenya, na hilo lisemwe mapema wakati wa kupangana, lisije likaonekana adhabu. Mwezi ukiisha, hesabu mabeseni tena. Mrundikano utakuwa umehamia kwingine, kwetu ulihamia kwenye kupanga madaraja, na unaanza upya huko.

Vipande, na nani wa kulaumiwa

Pesa ya korosho iko kwenye nzima. Ile daraja wanayoiita W320, maana yake korosho nzima 300 hadi 320 zinaingia kwenye ratili moja (kama nusu kilo hivi), ina bei yake. Ikipasuka, bei inashuka palepale. Na kwa kuwa kilo 4 hadi 5 za ghafi ndizo zinazotoa kilo 1 ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa na kumenywa, kila kipande kinauma. Ndiyo maana wasimamizi wengi wana orodha ya wavunjaji ukutani. Iondoe hiyo orodha, angalau mpaka umalize kusoma sehemu hii.

W. Edwards Deming alikuwa Mmarekani wa takwimu ambaye mwaka 1950 alikwenda Japani kuwafundisha wenye viwanda habari za ubora, na Wajapani wakampa heshima kubwa kabla nchi yake haijamsikiliza. Alikuwa na mchezo wake wa kufundishia. Kasha lina shanga 4,000: nyeupe 3,200, nyekundu 800. Watu wanaitwa mbele kama wafanyakazi, kila mmoja anachota kwa kibao chenye matundu 50. Nyekundu ni kasoro. Deming, akijifanya bosi, anamsifu aliyepata nyekundu chache, anamkaripia aliyepata nyingi, siku ya pili anashangaa mbona yule hodari wa jana ameharibu, na mwisho anafukuza. Ukumbi unacheka. Wote walikuwa wanachota kwenye kasha lile lile kwa kibao kile kile, na nyekundu zilishawekwa humo na mwenye kasha.

Sasa kwenye karakana, kasha letu ni nini? Ni korosho zisizopangwa vizuri kwa ukubwa, hivyo kubwa inabanwa na kisu kilichowekwa kwa ndogo. Ni korosho iliyobanguliwa kabla haijapoa. Ni mvuke uliokatishwa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Ni kisu cha mashine kilichoisha makali. Hakuna hata kimoja hapo ambacho mbanguaji anakimiliki.

Jaribio la kutenganisha kosa la mtu na kosa la mashine ni rahisi, na halihitaji kompyuta. Mchukue anayesemwa kuwa mvunjaji na anayesemwa kuwa hodari, wabadilishane mashine kwa siku mbili, huku ukihakikisha korosho zao zinatoka kwenye fungu moja la mvuke. Pima vipande vya kila mmoja jioni. Vipande vikibaki kwenye mashine, mwite fundi. Vikimfuata mtu, hapo sasa kaa naye. Hata ukikaa naye anza na macho, kwa sababu wapo kina mama wanaoshindwa kuona vizuri na wanaona haya kusema.

Sharti moja: waeleze wote kabla kwamba unapima mashine. Wasipoelezwa, yule hodari atadhani anashushwa.

Habari mbaya ifike mapema

Toyota wana kamba. Mfanyakazi yeyote kwenye mstari akiona kasoro anaivuta, msimamizi anakuja, na tatizo lisipotatuka mstari unasimama. Nilipolisoma hili nililipenda, halafu nikaona ugumu wake kwetu. Binti wa miaka 20 atamwambiaje bibi anayeangalia tanuri kwamba moto umezidi? Atanyamaza, kwa adabu kabisa, na trei nzima itaungua kwa adabu hiyo hiyo.

Kwa hiyo kamba yetu ni kitambaa chekundu kilichotundikwa kwenye msumari karibu na tanuri. Anayeona jambo anakihamishia kwenye mpini wa mlango, hasemi neno. Mwenye tanuri akikiona anakagua. Mkubwa hajasahihishwa na mtoto mbele za watu, na korosho zimepona. Tafuta chako kinachofanana na hicho, kinacholinda heshima ya mkubwa na ulimi wa mdogo kwa pamoja.

Kinachoamua kama kitambaa kitaendelea kutumika ni dakika yako ya kwanza wewe msimamizi. Ukisikia habari mbaya, sentensi yako ya kwanza iwe "Ahsante, nionyeshe." Maswali ya nani alikuwa zamu yasubiri. Na badala ya kumbana mtu kwa nini amechelewesha, uliza kazi ilianza saa ngapi na kilichosubiriwa kilikuwa nini. Jibu la swali la kwanza litakuwa utetezi. La pili litakuambia kuni zilifika saa tatu.

Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza wauguzi wa hospitali za Marekani miaka ya 1990, akitarajia kuona timu nzuri zikiwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaja kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi. Maelezo aliyoyapata ni kwamba huko watu hawakuogopa kusema. Basi ukianza utaratibu huu na daftari la kasoro likajaa ghafla, usishtuke wala usimwonyeshe tajiri kabla hujamweleza hili.

Kukaa na mtu mmoja mmoja

Andrew Grove, aliyeongoza Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, aliandika mwaka 1983 kwamba bosi akutane na kila aliye chini yake peke yake mara kwa mara, na kwamba mkutano huo ni wa huyo wa chini: yeye ndiye anayeleta mambo. Sawa. Lakini mwite mama mtu mzima ofisini, peke yake, mlango ukifungwa. Kufikia saa sita mtaa mzima wa Chikongola umeshasikia kuwa anafukuzwa.

Chukua kisu, kaa pembeni yake, umenye naye beseni moja. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Usiwe na ajenda. Nyamaza muda mrefu kuliko unavyotaka.

Malipo na kundi

Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wanaovuta kamba. Watu wanane hawakutoa nguvu ya mtu mmoja mara nane, ilikuwa pungufu sana, na kadiri kundi lilivyokua ndivyo kila mmoja alivyotoa kidogo. Vitabu vingi hukimbilia kusema watu ni wavivu wakijificha kwenye kundi. Mwenyewe Ringelmann aliweka uzito kwenye jambo lingine: hawavuti kwa wakati mmoja. Ukiwaona wavuvi wa Msangamkuu wakipandisha mtumbwi mchangani utaelewa, yupo mmoja asiyegusa mtumbwi, anaimba tu, na bila yeye mtumbwi hauendi.

Kwa karakana natoa haya mawili. La kwanza, punguza kundi: wamenyaji watatu au wanne kwenye meza moja, mizani yao moja, wakijua kilo zao za jana. Kundi la 12 lenye mizani moja ni maficho. La pili, kuwe na mtu wa kupatanisha mwendo kati ya meza, tanuri na mvuke, na huyo usimhesabie kilo. Wenye mtaji hulilia malipo ya mtu huyu kwamba hafanyi kitu.

Kuhusu kulipa kwa kilo, vitabu vinabishana. Msimamo wangu ni huu: lipa kwa kilo, ila kilo ya nzima iwe na bei yake na ya vipande bei yake, na tofauti iwe ndogo kuliko ile ya sokoni. Ukiifanya kubwa, vipande vitaanza kupotea mifukoni. Na kabla ya kubadilisha bei yoyote, hakikisha umeshamaliza jaribio la mashine, la sivyo unamkata mtu pesa kwa kosa la kisu.

Orodha ya kusomwa kwa sauti

Hapa kuna jambo la nyumbani ambalo wengi hawalijui. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, ilijaribiwa kwenye hospitali 8 za miji 8 duniani. Moja ilikuwa London, moja Seattle, na moja ilikuwa Ifakara, Morogoro. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Daktari wa upasuaji Atul Gawande, aliyeongoza kazi hiyo, aliandika kitabu kizima juu ya orodha. Hawakununua mashine yoyote mpya. Walisoma karatasi kwa sauti: mgonjwa ni huyu? upande ni huu? vitambaa vimehesabiwa?

Tengeneza ya kwako hivi. Iwe fupi, mimi ya tanuri ina mistari mitano. Andika tu yale yanayosahaulika hata na wazoefu, hakuna haja ya kuandika "washa moto." Isomwe na mtu ambaye si mkubwa wa hatua hiyo, na mkubwa ajibu kwa sauti. Kwa wabanguaji weka glovu na mafuta ya kupaka mstari wa kwanza kabisa, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi na mtu mwenye mikono yenye malengelenge haji kesho. Asiyejua kusoma usimruke, akariri. Kina bibi wanakariri kuliko sisi.

Ninayoyaacha

Ushauri wa kufukuza haraka naupita. Mtwara mjini utakayemfukuza leo mtakaa mkeka mmoja msibani Alhamisi. Mtu akizidi, mpitie kwa anayemheshimu, shangazi yake au aliyemleta kazini, na fanya hivyo baada ya malipo, kamwe si siku moja kabla. Vitabu pia havina sura ya unyago na jando. Mwanzoni mwa msimu muulize kila mmoja shughuli za ukoo wake, ziandike kwenye kalenda, hasa zinazoangukia likizo za shule, pamoja na Ramadhani inapoangukia. Wale wanaopotea kazini ghafla, wengi wao walikuwa wanaijua tarehe miezi miwili kabla, ila hakuna aliyeuliza.

Jaribu padogo: somo lililo chini ya miguu yetu

Ukitaka kisa cha uongozi ulioshindwa, huna haja ya kwenda Marekani. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mradi wa Karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mpango ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3. Ujumbe uliotumwa mwaka 1946 kukagua ulizunguka kwa wiki chache tu, ukarudi na hesabu nzuri. Mwaka wa kwanza Kongwa walilenga ekari 150,000. Zilizofyekwa hazikufika 10,000. Matrekta yaliyosalia vitani yaliharibika, mibuyu haikung'oka, na udongo wa mfinyanzi jua likiupiga uligeuka saruji. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, na hasara ilikuwa karibu pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, nayo ndiyo tunayopakilia korosho. Reli iliyokwenda Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Waliokuwa pale kazini hawakuwa wavivu. Wengi walitoka jeshini, walijituma hadi wakaugua. Kilichokosekana ni shamba dogo la majaribio, msimu mmoja au miwili, pamoja na mtu wa Kongwa wa kuulizwa mvua inanyesha vipi. Hata kamba ya Toyota isingesaidia, kwa sababu amri ilitoka London na lengo lilishatangazwa.

Kwa hiyo kila unachotaka kukileta kutoka kitabuni au dukani, kijaribu padogo. Meza moja ya wamenyaji, wiki mbili, huku meza nyingine zikiendelea kama zamani ili uwe na cha kulinganisha. Kama ni mashine, iazime kabla ya kuinunua. Ifanye kazi kwa korosho zako, za ukubwa mchanganyiko kama zinavyotoka ghalani, kwa umeme wako unaokatika, ikiendeshwa na mama atakayeiendesha kila siku. Yule kijana wa muuzaji akae pembeni. Pima vipande, kilo kwa saa, na muda iliosimama ikisubiri fundi. Waulize waliokaa nayo, kila mmoja peke yake, beseni katikati yenu. Muuzaji akikataa kuiacha wiki moja, mwache aondoke nayo.